Sili Mpya, Kuvuja Kulekule: Silinda Yako ya Haidroliki Inataka Sili Gani?

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Silinda hii nimeibadilishia sili mara tatu. Kila ikikaa wiki mbili inarudia kuvuja. Nadhani dukani wananiuzia feki."

"Zile ulizotoa ziko wapi?"

"Nimezitupa."

Kijana huyo anaendesha loda kwenye machimbo ya kokoto Lugoba, na jibu lake la mwisho nalisikia karakana mara kwa mara. Watu hutupa sili kuukuu, yaani pete ya kuzuia oili isivuje, kama wanavyotupa ganda la ndizi, kumbe ndiyo pekee iliyokuwemo ndani wakati tatizo linatokea. Bahati nzuri ile ya tatu ilikuwa bado imo kwenye kofia ya silinda. Niliichokonoa kwa kijiti cha shaba, nikaifuta, nikamwekea kiganjani. Upande mmoja mdomo wake, ule ukingo unaobana rodi, ulikuwa umelika mpaka unang'aa. Upande wa pili ulikuwa na ukali wake wa kiwandani, kama haujawahi kugusa rodi, ule mhimili wa chuma unaoingia na kutoka kwenye silinda.

Sili feki hailiki hivyo. Inayolika upande mmoja ni ile iliyobebeshwa kazi ya bushi, ile pete ya chuma inayoibeba rodi isiyumbe. Tulipima bushi ya kofia tukakuta imepanuka upande wa chini karibu nusu milimita. Rodi ilikuwa inalalia sili badala ya kulalia bushi. Tulikereza bushi mpya ya shaba nyeusi, tukavalisha sili ya aina ileile aliyokuwa akinunua siku zote, kwa bei ileile.

Ndiyo maana mimi sianzii dukani. Naanza na dalili, nasoma sili iliyokufa, napima, na kuchagua sili mpya kunakuja mwisho.

Kabla ya kushika spana

Shusha mzigo chini kabisa. Bodi la tipa likiwa juu, liwekewe nguzo ya chuma inayolishikilia, maana jeki si nguzo, na wenzetu wamekufa chini ya mabodi yaliyoshikiliwa na oili peke yake. Zima injini, chezesha lever huku na huku ili presha itoke, ndipo ufungue hozi.

Usitafute uvujaji kwa kupapasa na mkono. Oili inayochomoza kwenye tundu la ukubwa wa sindano hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, na kidonda chake huonekana kama cha mwiba tu. Pitisha kipande cha boksi badala ya kidole. Aliyepigwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na aseme waziwazi kwamba ni oili ya presha iliyomwingia, asiridhike na kufungwa bendeji.

Na rodi iliyokwama isitolewe kwa kupuliza upepo wa kompresa. Ikiachia huruka, na kinachosimama mbele yake hakiponi.

Rodi inalowa oili

Kwanza tofautisha unyevu na uvujaji. Sili nzima hupaka rodi utando mwembamba wa oili, na huo ndio unaoilainisha isisage mpira. Pitisha karatasi nyeupe juu ya rodi: ikitoka na alama hafifu, iache silinda yako ifanye kazi. Tone likijikusanya na kudondoka, au rodi ikijivika pete nene ya tope la mafuta kila ikitoka, hapo ndipo pa kufungua.

Anza na rodi yenyewe, kwa sababu sili mpya juu ya rodi mbovu ni hela iliyotupwa. Isafishe, ipitishie ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama, mdomo wa sili nao utakwama hapo mara mia kwa siku. Kromu ya rodi kwa kawaida ni nyembamba sana, maikroni (elfu moja za milimita) 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo ukiona vidoa vya kutu vilivyochimba, kutu imekwisha kupita chini ya kromu na itaendelea kuinyanyua kipande kwa kipande. Mikwaruzo midogo isiyoshika ukucha naing'arisha kwa msasa laini wenye oili, nikiuzungusha kuzunguka rodi. Ukisugua kwa urefu unachora mifereji inayoiongoza oili moja kwa moja nje.

Mkwaruzo mzito unataka rodi mpya au kupigwa kromu upya. Najua mitaani hujazwa kwa kuchomelea kisha ikasagwa. Kwenye trekta ya shamba yenye presha ya wastani, kazi hiyo ikifanywa kwa subira hudumu. Kwenye ekskaveta sikushauri hata kidogo.

Halafu angalia kama rodi imepinda. Ilaze juu ya V-bloki mbili, yaani vitalu vya chuma vyenye mkato wa V, weka saa ya kupimia katikati, zungusha. Rodi iliyopinda huonekana nzima kwa macho, na hula sili kila inapofika kwenye kipande kilekile cha mwendo wake.

Sili ya vumbi, yaani vaipa, inaonewa sana. Ni ya bei ndogo, haizuii presha yoyote, basi mwenye mtambo anasema iache. Lakini ikichanika, mchanga unaingia na rodi kila inaporudi, unajipachika kwenye mdomo wa sili kubwa, na kuanzia hapo sili inakuwa msasa. Sijawahi kufungua silinda ya machimbo nikairudishia vaipa ya zamani.

Kama rodi ni safi, imenyooka, na bushi haijapanuka, basi sili imechoka kwa umri na hakuna zaidi. Badilisha.

Ikiwa oili inatoka kwenye nyuzi za kofia au pale kofia inapokutana na bomba la silinda, wala si kwenye rodi, tatizo ni oringi (pete ya mpira ya mviringo) ya nje ya kofia na pete yake ya mgongo, ile tunayoiita bakapu. Tazama kama oringi ilikatwa na nyuzi wakati wa kuingizwa. Mara nyingi ndivyo ilivyo.

Mzigo unashuka wenyewe

Hapa ndipo fedha za watu hupotea zaidi. Opereta anainua, anaachia lever, mzigo unashuka taratibu. Karibu kila mtu atasema sili ya pistoni, ile inayotenganisha oili ya nyuma na ya upande wa rodi, imekufa. Mara nyingi siyo.

Chukua silinda yenye kipenyo cha ndani cha mm 100 na rodi ya mm 60, imesimama wima na imeinua mzigo wa tani tano hivi, yaani kN 50. Njia zake zote mbili za oili zimefungwa na valvu. Sasa tuseme sili ya pistoni haimo kabisa. Oili ya chini inapita kwenda juu ya pistoni na presha inakuwa sawa pande zote. Lakini ili rodi iingie ndani, lazima oili yenye ujazo sawa na kipande cha rodi kinachoingia itoke nje ya silinda, na milango imefungwa. Mzigo utazama kidogo oili inapobanwa, kisha utasimama. Kinachobadilika sana ni presha. Mwanzo mzigo ulibebwa na eneo lote la pistoni kwa bar 64 hivi. Sasa unabebwa na eneo la rodi peke yake, na presha inapanda hadi bar 177.

Kwa hiyo silinda iliyoinua mzigo kwa kusukuma, ikawa inashuka mfululizo bila kudondosha tone nje, inapitisha oili kwenye valvu: spuli, ule mtelezo wa ndani ya valvu unaofungua na kufunga njia za oili, imelika, au valvu ya kushikilia mzigo ina uchafu kitini. Sili ya pistoni mbovu inaweza kuongeza tatizo, kwa kuwa inaipandishia valvu presha, lakini peke yake haishushi mzigo hadi chini.

Mzigo unaovuta rodi nje ni habari nyingine. Mkono wa ekskaveta ulionyooshwa mbele unataka kuanguka kwa kuivuta rodi itoke. Presha iko upande wa rodi. Sili ya pistoni ikipitisha, oili inahamia upande wa nyuma, na huko nafasi inaongezeka kuliko oili inayokuja, kwa hiyo hakuna kinachoizuia rodi kuendelea kutoka. Hapo nakubali kuishuku sili ya pistoni kwanza.

Na jeki ya tipa ya hatua nyingi? Hiyo kwa kawaida hufanya kazi upande mmoja tu, na haina sili ya pistoni ya kutenganisha oili ya huku na ya kule. Ikishuka yenyewe huku nje ni kavu, usiifungue. Nenda kwenye valvu na pampu. Nimeona jeki kubwa ya hatua tano ikishushwa, ikafunguliwa kutwa nzima, ikavalishwa sili zote mpya, ikarudishwa, na bodi likaendelea kushuka vilevile, kwa sababu ya chembe ya chuma kwenye valvu ndogo inayoenea mfukoni.

Kuhakikisha sili ya pistoni kunahitaji nusu saa tu. Toa rodi hadi mwisho wa mwendo wake, zima, toa presha, fungua hozi ya upande wa rodi, ziba hozi hiyo kwa plagi, na tundu la silinda lielekeze kwenye ndoo. Washa, peleka presha upande wa nyuma. Oili iliyobaki ndani itatoka kidogo, hiyo ni kawaida. Ikiendelea kutiririka, pistoni inapitisha. Kumbuka kipimo hiki kinapima mwisho wa mwendo tu. Bomba lililokwaruzwa au kupanuka katikati linaweza kufaulu hapa na kushindwa kazini, basi ukiweza, rudia pistoni ikiwa imezuiwa katikati na kitu imara.

Sili kuukuu inasema nini

Ichukue, ioshe kwa oili safi, simama nayo kwenye mwanga wa jua.

Ikiwa ngumu, inapasuka ukiikunja, rangi imefifia: joto. Oili ikizidi nyuzi 80 kwa muda mrefu, mipira mingi huanza kuchoka na oili yenyewe huwa nyepesi mno. Tafuta kwa nini inachemka. Rejeta ya oili imeziba kwa vumbi, kiwango cha oili kiko chini, au valvu ya kupunguza presha inafunguka muda wote. Kununua mpira unaovumilia joto zaidi bila kutafuta chanzo ni kuhamishia tatizo kwenye pampu.

Ikiwa imevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai: imekutana na kimiminika kisicho chake. Kisa cha kawaida ni oringi ya mfumo wa breki. Nyingi za hizo ni za mpira wa EPDM, nzuri sana kwenye fluidi ya breki na mbaya sana kwenye oili ya madini. Kwa macho, oringi nyeusi ya EPDM na nyeusi ya naitraili, mpira unaofaa oili, ni mapacha. Ukiwa na shaka, kata moja, itumbukize kwenye oili yenye joto usiku kucha, na nyingine ile kavu uiweke kando. Asubuhi pima zote mbili kwa venia, ile rula ya taya ya kupimia unene. Iliyovimba waziwazi usiiweke kwenye haidroliki.

Sasa ile ninayotaka uitambue hata usingizini. Geuza sili, tazama mgongo wake, ule upande usioelekea presha. Ukiukuta umeguguniwa, vipande vidogovidogo vimetafunwa kuzunguka ukingo kama muhogo ulioingiliwa na panya, hiyo sili imesukumwa kwenye mwanya. Presha inaiminya ipenye kati ya rodi na chuma, rodi ikirudi inakata kile kilichochomoza. Sababu kubwa ni mbili: presha imezidi, au mwanya umepanuka kwa kulika kwa bushi au kwa bomba lililohoniwa, yaani kusuguliwa ndani kwa mawe, mara nyingi. Dawa ni kurudisha mwanya mahali pake, na juu yake kuweka mpira mgumu zaidi au pete ya mgongo. Oringi ya kawaida ya ugumu wa Shore 70 (Shore ni kipimo cha ugumu wa mpira) inahitaji pete ya mgongo presha ikikaribia bar 100, na mwanya ukiwa mkubwa, hata kabla ya hapo.

Mikwaruzo ya urefu mdomoni ni uchafu. Oringi iliyojisokota kama kamba ilikuwa inaviringika ndani ya mfereji wake, dalili kwamba imewekwa mahali pa mwendo palipohitaji sili ya mdomo. Oringi iliyobaki bapa imekufa kwa umri na joto.

Madoa meusi yaliyoungua, ukingo umeliwa kama na moto, huku sehemu nyingine za sili zikiwa nzima, ni hewa. Hewa iliyobaki ndani ikibanwa ghafla hupata joto kali kiasi cha kuuwasha mvuke wa oili, kama dizeli inavyowaka kwenye injini. Niliwahi kuikuta kwenye silinda iliyofungwa vizuri kabisa, ila opereta aliibebesha mzigo mzito dakika ileile bila kuitoa hewa.

Sili ya poliyurethani, ile plastiki inayonyumbuka kama mpira, inayomeguka kwa kidole kama jibini kavu, na oili ikiwa na weupe wa maziwa: maji. Poliyurethani ya kawaida huoza taratibu ndani ya maji ya moto. Usiweke nyingine kabla hujamwaga oili yote na kujua maji yameingilia wapi, aghalabu ni kwenye mfuniko wa tangi baada ya mtambo kuoshwa kwa presha.

Kuna pia sili inayopasuka siku ya kwanza. Kwenye trekta zenye vifaa vya kuvutwa, angalia kiunganishi cha haraka cha hozi. Kisipoingia mpaka mwisho, njia ya kurudi ya upande wa rodi inazibwa. Kwa silinda ileile ya mm 100 na rodi ya mm 60, ukiisukuma kwa bar 210 kutoka nyuma, oili iliyofungiwa mbele inafika bar 328, kwa kuwa eneo lake ni dogo. Sili ya rodi inalipuka, na watu wanalaumu duka.

Pima mfereji, usipime sili

Sili iliyokaa miaka mitano kwenye oili ya moto si ya kipimo chake tena. Imevimba au imesinyaa, na imelika. Anayekwenda kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na sili kuukuu mkononi akisema "nipe kama hii" atarudi na sili inayofanana na maiti.

Pima chuma. Kwa sili ya rodi unahitaji kipenyo cha rodi, kipenyo cha chini ya mfereji wake ndani ya kofia, ule tunaouita gruvu, na upana wa mfereji. Kwa sili ya pistoni ni kipenyo cha ndani cha bomba, kipenyo cha chini ya mfereji kwenye pistoni, na upana. Andika kwa mpangilio huohuo: 50 × 60 × 10, ndani, nje, kimo. Mfereji huwa mpana kidogo kuliko sili, kwa hiyo mfereji wa mm 11 unaweza kabisa kuwa wa sili ya mm 10. Rodi ipime sehemu tatu, ukigeuza nyuzi 90, kwa maikromita ikiwezekana.

Usishtuke ukipata mm 49.96 kwenye rodi ya 50. Rodi hutengenezwa pungufu kidogo makusudi. Kwa kiwango cha f7, kinachotaja upungufu unaoruhusiwa, ya mm 50 inaruhusiwa kupungua kati ya mm 0.025 na 0.050. Haijalika.

Shtuka ukipata 50.80. Hiyo ni inchi 2. Vivyo hivyo 44.45 ni inchi moja na robo tatu, 63.5 ni mbili na nusu, 76.2 ni tatu, 101.6 ni nne. Mitambo mingi ya zamani ya Uingereza na Marekani ni ya inchi, ya Japani na China ni milimita, na kuna iliyochanganya. Sili ya 45 utaweza kuilazimisha ikae kwenye rodi ya 44.45, hata itaonekana imekaa vizuri mezani. Ikipata presha na mwendo, mdomo wake haujabana inavyotakiwa.

Oringi nazo zina mtego wake. Mfululizo wa Marekani una unene wa mm 1.78, 2.62, 3.53, 5.33 na 6.99. Mfululizo wa Japani una 2.4, 3.1, 3.5, 5.7 na nyinginezo. Kati ya 3.5 na 3.53 sibishani na mtu. Kati ya 5.7 na 5.33 nabisha. Kwenye mfereji wa kina cha mm 5, oringi ya 5.7 inabanwa asilimia 12, na ya 5.33 inabanwa asilimia 6 tu. Ya pili itazuia oili asubuhi ikiwa baridi, na kuvuja mchana.

Mpira upi, umbo lipi

Kwa silinda nyingi za huku kwetu, zenye oili ya madini, vumbi na presha ya bar 150 hadi 250, sili ya rodi ninayoichagua ni poliyurethani yenye ugumu wa Shore 90 na kitu. Haichaniki ovyo, inavumilia mchanga, inashika presha. Udhaifu wake ni maji ya moto na joto linalozidi nyuzi 100.

Naitraili, NBR, ni ya oringi na vifaa vya presha ndogo, ni rahisi kupatikana na inatosha hadi karibu nyuzi 100. FKM, inayojulikana zaidi kwa jina la Viton, huvumilia hadi nyuzi 200, lakini ni laini kwa mkwaruzo ukilinganisha na poliyurethani, na bei yake ni kubwa. Naiweka panapokuwa na joto lisiloepukika, kama karibu na tanuru. Usiitambue kwa rangi, maana kahawia na kijani huuzwa kwa kila kitu. Na mtambo ukiwa umewahi kuungua moto, mabaki meusi ya FKM usiyaguse kwa mkono mtupu, kwa sababu ikiungua kwa joto kali hutoa asidi inayopenya ngozi.

Tefloni iliyochanganywa na unga wa shaba nyeusi, ikikaa juu ya oringi inayoisukuma, huteleza vizuri sana na haisiti mwendo unapokuwa wa polepole. Ni chaguo zuri la pistoni. Ila hupitisha oili kidogo sana kwa asili yake, kwa hiyo pale mzigo unapotakiwa kusimama tuli kwa saa nyingi, tegemea valvu ya kushikilia, usiitegemee hiyo.

Kwenye ekskaveta usisahau sili ya bafa. Hukaa ndani zaidi, kabla ya sili kuu ya rodi, ikipokea mapigo ya presha ili sili kuu isipigwe moja kwa moja. Nimeletewa silinda ambazo mfereji wa bafa uko mtupu kwa kuwa seti iliyonunuliwa haikuwa nayo, na aliyefunga akaona sili mbili za rodi ni anasa. Sili kuu ikawa inakufa kila baada ya mwezi.

Pete za mwongozo, za nailoni au za kitambaa kilichogandishwa kwa resini, badilisha pamoja na sili. Ndizo zinazobeba uzito wa pembeni. Kijana wa Lugoba asingefika kwangu kama wa kwanza kuifungua silinda yake angepima kile kinachoibeba rodi.

Ikiwa kipimo hakipo madukani, siku hizi kuna wanaochonga sili kwa mashine ya kompyuta kutoka kwenye bomba la poliyurethani. Wapelekee vipimo vya mfereji, presha, na aina ya oili. Na usikubali mfereji upanuliwe kwa lethi ili tu uenee sili iliyopo dukani, kabla hujajua chuma kinachobaki kitakuwa na unene gani.

Kuvalisha na kuwasha

Mdomo wa sili, ule wenye uwazi kama herufi U, unaelekea presha. Wa vaipa unaelekea nje, kwenye vumbi. Pistoni yenye sili mbili za U, kila mdomo unatazama upande wake, migongo inakutana. Yaseme haya kwa sauti unapofunga, kwa kuwa mkono uliochoka hukosea.

Sili ngumu ya rodi ikunje taratibu iwe na umbo la figo, iingize, iachie ijikunjue mferejini. Ya tefloni iloweke kwenye oili ya moto kwanza, ivute bila haraka, kisha ibane kwa mkanda mpaka irudi kwenye kipimo chake kabla ya kuiingiza kwenye bomba. Bisibisi weka mbali. Tumia kijiti cha shaba au mti mgumu uliolainishwa ncha. Nyuzi za rodi na za bomba zifunike kwa utepe au bati jembamba la kopo, na kila tundu la oili ambalo sili itapita juu yake, lihisi kwa kidole kama lina ukali. Paka oili ileile itakayotumika ndani. Silikoni ya gasketi haina kazi hapa: kipande kikimeguka huenda kukaa kwenye valvu.

Ukiwasha, injini iwe taratibu na rodi isiwe na mzigo. Itoe na kuirudisha mara tano au sita, usiibamize mwisho wa mwendo, ongeza oili tangini. Ikitetemeka na kuruka-ruka mwanzoni, bado kuna hewa, endelea. Ikiendelea kutetemeka hewa ikiwa imekwisha kutoka, hisi kofia kwa kiganja: ikipata moto haraka kuliko bomba, sili au bushi imebana kupita kiasi, simamisha na upime tena. Ikitulia, ifanyishe kazi nyepesi saa moja, ifute rodi, pitisha karatasi nyeupe. Na zile sili ulizotoa zitie kwenye mfuko wa plastiki, andika tarehe, mtambo na saa ambazo mtambo huo umefanya kazi, uuning'inize ukutani.